Sikio la Gereji

Gereji ile ilikuwa na mafundi saba na masikio kumi na manne, lakini sikio lenyewe lilikuwa moja. Mwenye nalo aliitwa hivyo hivyo, Sikio, na jina lilikuwa limemganda miaka thelathini na ushee, mpaka lile alilopewa na wazazi likabaki la kuandikwa kwenye vyeti tu. Hakuwa fundi wa kufungua fungua. Wengine gari likiingia hukimbilia spana. Yeye aliinua mkono, watu wakanyamaza, akachomoa bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao uliosuguliwa na shavu lake mpaka ukang'aa. Ncha aliiweka kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa wa nyuma ya sikio, akafumba macho.

"Silinda ya tatu," husema.

Wakifungua, ni silinda ya tatu. Watu walitoka mitaa ya mbali kuja kutazama tu. Fundi Rangi, ambaye kazi yake ilikuwa kupuliza rangi na mdomo wake ulikuwa wa kupuliza mengine, aliwaambia wateja kwamba Sikio anasikia hata gari linawaza nini.

Sasa, asubuhi hiyo iliingia gari dogo jeupe lililochorwa mabata ubavuni. Mwenye usukani alikuwa Dada Dereva, mwanamke mrefu, mcheshi, anayebeba watoto kumi na wanane wa chekechea kila siku. Asubuhi anawapandisha mlimani ilipo shule, saa sita anawateremsha. Mteremko wenyewe una kona mbili, na chini yake kuna njia panda ambayo malori hayamjui mtu.

"Shikamoo fundi. Linalia," akasema. "Nikianza kushuka tu, linalia kama birika linalotaka kuchemka. Watoto wameshalitungia wimbo."

Sikio akainua mkono. Gereji ikanyamaza. Akamwambia Dada Dereva azunguke uwanjani polepole, naye akatembea kando ya gurudumu, kainama, mkono kiunoni. Akamsimamisha. Akapiga jeki, akalizungusha gurudumu kwa mkono, akaweka bisibisi, akafumba macho. Alisikia msuguo mdogo wa kawaida, wa kama mtu anayefagia chumba cha pili. Basi.

"Vumbi hilo," akasema. "Gurudumu ni zima kabisa. Nenda zako mwanangu."

Hapo ndipo Fundi Umeme alipotoa kichwa chini ya dashibodi ya gari la jirani, nyaya zimemning'inia shingoni kama shanga. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye mikono myepesi na ulimi usio na breki.

"Fundi, linalia."

"Nini?"

"La mbele, kushoto. Lilikuwa linalia ulipokuwa umeinama hapo hapo. Mlio mwembamba."

Sikio akageuka kuwatazama wengine. Fundi Rangi akafungua mdomo. "Hata mimi nime..." Macho yakakutana. "Hata mimi nimeona ni vumbi."

"Lifungue," Fundi Umeme akasema. "Dakika kumi tu, fundi wangu. Uone pedi za breki."

"Mimi sifungui nilichokwisha kusikia. Kufungua ni kwa wasiosikia."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na gereji nzima iliijua kama watoto wanavyojua jina la baba. Dada Dereva naye aliijua. Akawasha gari. "Sikio kasema zima, mimi nani nibishe? Nina watu wa kuwafuata saa sita." Akaondoka na mabata yake.

Lakini Fundi Umeme hakurudi chini ya dashibodi. Akaja mpaka mbele ya Sikio, akaongea kwa sauti ya juu ili wote wapate.

"Wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sasa mkuu mwenyewe asiposikia, itakuwaje?"

Watu wakacheka, kisha wakajuta kucheka.

"Mama Pacha kaniambia," akaendelea. "Leo una miadi ya kupimwa masikio. Ya nne hii. Tatu umezikimbia. Kadi imo kwenye mfuko wa shati lako hapo."

Sikio akaufunika mfuko kwa kiganja, kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi. Mama Pacha alikuwa mkewe, na siri ndani ya kifua cha Mama Pacha ilikuwa kama maji ndani ya chujio.

"Tupatane," Fundi Umeme akasema. "Nenda kapimwe. Wakisema mazima, nitakuomba radhi hapa hapa mbele ya watu, na sitatia neno tena mpaka nizeeke. Wakisema vingine, kila gurudumu linaloingia hapa linafunguliwa. La tajiri na la mkokoteni."

Watu walikuwa wameshazunguka. Mtu wa jina kubwa, akizungukwa, ana njia moja tu ya kutokea.

"Nitakuletea karatasi," Sikio akasema. "Ya mhuri. Uitundike ukutani."

*

Mama Pacha alikwenda naye, maana alimjua mumewe: ungemwacha peke yake, angeishia kusikiliza injini ya gari la wagonjwa pale getini. Alivaa vizuri, akabeba mkoba wake mkubwa, na walipofika kwenye korido ya masikio hakuchukua dakika tano akawa ameshajua habari za benchi zima. Huyu bibi mume wake alikuwa dereva wa treni. Yule babu ana wake wawili na wote wanamsema kwa sauti kubwa, yeye anatabasamu tu, kwa raha zake.

Sikio hakuweza kukaa. Alikaa, akasimama, akaenda mpaka dirishani, akarudi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu. Akaisogelea. Akautazama mshale wa sekunde ukiruka, ukiruka, akasogeza sikio kidogo. Akarudi kukaa.

"Saa ile imeharibika sauti," akamwambia mkewe.

"Inagonga kama nyundo," Mama Pacha akasema. Kisha akamgeukia bibi wa treni. "Unamwona huyu? Nyumba yetu ina watu kumi na moja, na jirani zetu wote wanapata taarifa ya habari bila kununua televisheni. Yetu inawatosha."

"Watoto wanapenda sauti kubwa," Sikio akasema.

"Watoto wamehamia uani! Na usimuulize kitu, mwenzangu. Atakujibu ndiyo. Chochote. Ndiyo, ndiyo. Mkwe wetu alimuuliza, baba, wadogo zangu wawili waje wakae wiki moja? Ndiyo, ndiyo, karibuni sana. Hakusikia hata neno. Wana mwezi wa tano sasa, na mmoja amejifunza kupiga tarumbeta."

Benchi zima likacheka, hata babu wa wake wawili. Sikio naye akacheka, nusu sekunde nyuma ya wenzake, kama alivyozoea siku hizi: ukiona meno ya watu, toa yako. Aliifanya kazi hiyo vizuri sana. Isipokuwa leo lilimjia jambo lisilopendeza. Aliziona tena nyuso za gereji pale gari lilipozunguka. Fundi Rangi alikuwa amekunja uso. Yule fundi wa kunyoosha bodi naye alikuwa amekunja uso. Wote, wakati mmoja, kama watu waliochomwa na mwiba mmoja.

Saa tano kasoro kumi.

"Kuna watu wangapi mbele yetu?" akauliza.

"Wewe ndiye unayeitwa," Mama Pacha akasema. "Mara ya tatu sasa."

*

Mpimaji alikuwa dada mfupi mwenye miwani na viatu vya raba, na chumba chake hakikuwa na mapambo ila picha kubwa ya sikio lililopasuliwa katikati, ndani yake kitu kilichojikunja kama konokono. Alimkalisha, akamtazama sikio moja kisha jingine kwa kitochi chenye pua nyembamba.

"Ni nta tu," Sikio akamsaidia. "Mimi na vumbi la gereji, miaka yote hii. Ukiniosha nitakuwa sawa. Nina haraka kidogo."

"Hakuna nta, baba. Masikio yako ni masafi kuliko ya watu wengi wanaokuja hapa."

Sikio hakuipenda sifa hiyo.

Akaingizwa kwenye kibanda kidogo chenye kuta za sponji na mlango mzito kama wa friji ya duka la nyama. Akavishwa visikilizio, akapewa kitufe. "Ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, bonyeza. Usiposikia, usibonyeze. Hakuna kufaulu wala kufeli." Mlango ukafungwa.

Kimya kilichokuwa humo hakijawahi kuonekana gereji. Alijisikia akimeza mate. Kisha ukaja mlio wa kwanza, mnene, kama lori linalopanda mbali. Akabonyeza. Wa pili, akabonyeza. Haa, akasema moyoni, karatasi hiyo ya mhuri. Milio ikawa inapanda, inakuwa myembamba, na mara ikawa kama mtu anayetembea kwenda zake, unamwona mgongo, unamwona kisigino, humwoni.

Kimya. Kimya kirefu mno.

Mbele yake palikuwa na kidirisha, na ng'ambo ya kidirisha alikaa mpimaji, kajiinamia mashine. Mtu aliyetazama pistoni maisha yake yote hakosi kuona kitu kinachojirudia. Bega la kulia la yule dada lilishuka kidogo kila alipotuma mlio. Likishuka, moja, mbili, likapanda. Sikio akabonyeza. Bega likashuka. Akabonyeza. Mambo yakawa matamu. Hata bega lilipofichwa na faili alilolisogeza, yeye alikuwa ameshashika mwendo wake: mlio, nafasi, mlio, nafasi ndefu. Akabonyeza kwa mwendo huo kama anayegonga nati.

Mlango ukafunguliwa.

"Baba," mpimaji akasema, "unafanya kazi gani?"

"Fundi magari."

"Nilijua tu ni kitu cha namna hiyo. Wengine huotea ovyo, wewe unaotea kwa taimingi. Nimeacha kutuma milio dakika mbili zilizopita, nilikuwa natafuta kalamu. Umebonyeza mara tisa."

Joto likampanda Sikio mpaka kwenye kipara. Aliwahi kuwakamata vijana wa mjini wakimletea gari lililorudishwa nyuma kilomita ili lionekane jipya, akawatukana mbele za watu. Leo yeye ndiye aliyerudisha kilomita.

"Ukinidanganya mimi, hunipunguzii kitu," yule dada akasema, bila ukali. "Mimi jioni nakwenda kwangu. Wewe ndiye unayekwenda na masikio yako. Geuza kiti utazame ukuta. Tunaanza upya."

Akageuza kiti. Safari hii alibonyeza aliposikia tu, na ukuta wa sponji ulikuwa na vitundu, akavihesabu kwa muda mrefu sana kati ya mbonyezo na mbonyezo.

Alipotolewa bado alikuwa na neno moja la kujitetea. "Mlango huo wa sikio unaweza kuwa umeziba kwa ndani. Mimi sisikilizi kwa mlango huo hata. Mimi nasikilizia mfupa." Akaonyesha pale nyuma ya sikio ambapo ngozi ilikuwa ngumu kama ya kisigino.

Mpimaji akatazama sugu ile kwa muda. "Unaweka nini hapa?"

"Bisibisi."

"Basi nina kitu chako." Akatoa kijiti kilichokuwa kwenye utepe wa chuma, akakibana hapo hapo, juu ya sugu. "Hii haipiti mlangoni. Inatikisa mfupa, inakwenda moja kwa moja kwa yule konokono wa kwenye picha."

Sikio akakaribia kucheka. Hii ni kazi yangu, akasema moyoni. Hapa hawanipati. Akafumba macho kama anavyofumba siku zote, akakaza taya, akangoja. Mnene ulikuja, akabonyeza. Wa kati ukaja. Kisha akangoja ule mwembamba. Alisikiliza kwa shingo, kwa mgongo, kwa vidole vya miguu. Alisikiliza kama siku ile ya ujana aliposikia ufa wa silinda kwa mara ya kwanza na mwalimu wake akamkumbatia. Mfupa ukanyamaza kama mfupa.

Alipofumbua macho, mpimaji alikuwa ameshaweka karatasi mezani. Palikuwa na mstari. Ulianza kushoto, ukaenda sawa, sawa, halafu katikati ya karatasi ukakata tamaa na kuporomoka kuelekea kulia.

"Mfupa na mlango vimesema jambo moja," akasema. "Si nta. Ni umri, na pengine na kelele za kazi nazo zimesaidia. Huyu konokono ana vinyweleo vidogo ndani yake, vya sauti nyembamba ndivyo huchakaa kwanza. Havioti tena. Lakini hivi vilivyobaki vinafaa sana, na kuna vifaa vya kuvaa sikioni, tutakupimia. Watu wengi wa umri wako..."

"Hapa," Sikio akakata. Kidole chake chenye grisi kilikuwa juu ya mporomoko. "Hapa ulipoanguka. Kuna sauti gani hapa?"

"Ndege. Mshale wa saa. Mwisho mwisho wa maneno, ndiyo maana unasikia watu wanaongea lakini huelewi."

"Na chuma? Kibati kidogo cha chuma kikigusa diski?"

"Mimi magari siyajui, baba."

"Kwenye pedi za breki kuna kibati," Sikio akasema, na sasa alikuwa amesimama, anazunguka kwenye chumba kile kidogo kama nyuki aliyeingia dirishani. "Pedi ikikaribia kwisha, kibati kinagusa. Kinalia. Kimewekwa ili kilie. Unasikia kama, kama birika."

"Linalotaka kuchemka?" mpimaji akasema. "Basi ni hapo hapo kwenye kidole chako."

Saa ya mezani kwake ilisema saa sita kasoro dakika ishirini na tano.

*

Simu ya Dada Dereva iliita mpaka ikachoka. Huyo hapokei akiwa kwenye usukani, na hilo lilikuwa jambo zuri siku nyingine zote. Sikio alijaribu tena, kaibana simu sikioni, kisha hakuwa na hakika kama inaita au imekatika. Akaitazama. Akakumbuka namba nyingine, na akaona aibu yote ya asubuhi imesimama mlangoni inamngoja.

Akamnyooshea mpimaji simu.

"Niongelee," akasema. "Anaitwa Fundi Umeme. Mimi sitampata vizuri. Mwambie lile gari la mabata. Mwambie alizuie shuleni, lisiteremke. Mwambie ni mimi niliyesema."

Yule dada alikuwa na wagonjwa wengine nje, lakini aliitazama ile karatasi na ule uso, akaichukua simu. Akaeleza. Akasikiliza.

"Anasema hana gari la kupanda mlima."

"Achukue pikipiki ya Fundi Rangi."

"Anasema kashaichukua. Anauliza spana namba kumi na tisa iko wapi."

Sikio akasita, lakini hakusita sana. Boksi lake la vifaa halikuwahi kuguswa na mkono wa mtu mwingine. Mafundi walikuwa wakilizunguka kama watu wanavyozunguka kaburi. "Kwenye boksi langu. Chini, upande wa kulia. Lina kufuli, avunje. Na jeki ndogo aibebe."

"Anasema," mpimaji akaanza, kisha akatabasamu kidogo, "anasema kufuli lako alijua namba yake tangu zamani."

Sikio hakungoja mengine. Alitoka kwenye korido kama mwizi wa kuku. Watu wa benchi wakakunja miguu apite. Mama Pacha, ambaye wakati huo alikuwa amemshika mkono bibi wa treni na wamefika kwenye habari za ndoa ya kwanza, aliona mgongo tu.

"Baba Pacha! Wee! Majibu?"

Hakusikia, na safari hii hata mwenye masikio ya sungura asingesikia.

Getini akapanda pikipiki ya kukodi. Akamwambia dereva mlimani, chekechea, na njia nzima hakutulia: akaegemea kushoto, akaegemea kulia, akachungulia begani mwa mtu, mpaka dereva akamwambia, "Mzee, mmoja wetu aendeshe." Walipoanza kupanda, Sikio akawa anayatazama magari yanayoshuka, moja baada ya jingine. Kila jeupe lilipochomoza kwenye kona, alinyanyuka kitini. La mikate. La maji. La polisi. Hakukuwa na bata.

*

Gari la mabata lilikuwa nje ya geti la shule, limeelekezwa bondeni, na jiwe kubwa lilikuwa limewekwa mbele ya gurudumu la nyuma. La mbele, la kushoto, halikuwepo. Lilikuwa limelazwa chini, na Fundi Umeme amelikalia, boksi la Sikio wazi miguuni pake, pakiti ya pedi mpya pembeni, akijipepea kwa jalada la daftari la mtu. Watoto kumi na wanane walikuwa wamepangwa juu ya ukuta mfupi, mabegi mgongoni, furaha tupu, maana hawajawahi kuona gari limevuliwa kiatu.

"Nilikuwa nimeshatia gia," Dada Dereva akasema. Hakusalimia. "Wote wamo ndani, nimeshatia gia, huyu akasimama mbele ya boneti kama kichaa."

Fundi Umeme akainuka. Akaokota kipande cha chuma, akakiweka kwenye kiganja cha Sikio. Pedi ya ndani. Kilikuwa bado na joto la asubuhi nzima ya kusaga. Sikio akapitisha kidole gumba pale panapotakiwa pawe na unene wa kidole. Palikuwa pembamba kama kucha, na pembeni pameisha, chuma kitupu. Akainama kwenye diski. Mikwaruzo ya mviringo, inang'aa, ya kina. Alihesabu kona mbili za mteremko ule kichwani mwake, na njia panda ya malori.

"Uliniambia zima," Dada Dereva akasema.

"Nilikuambia."

"Mimi mtu akiniuliza, nasema Sikio kasema. Mama za hawa watoto nawaambia hivyo. Sikio kasema."

"Najua."

"Sasa niwaambie nini?"

Sikio alitazama pedi. Maneno ya kuomba msamaha aliyokuwa ameyapanga kwenye pikipiki yalikuwa mengi na mazuri, na yote yakaona aibu kutoka.

"Waambie sikusikia," akasema.

Fundi Umeme akaacha kujipepea. "Umesema?"

"Nimesema sikusikia. Si asubuhi ya leo tu. Nimepimwa, kuna mstari, unaanguka. Sijui nimepitisha mangapi." Akaifuta pedi kwenye suruali, bila sababu. "Karatasi ipo. Utaitundika ukutani kama tulivyopatana."

Fundi Umeme alikuwa na haki ya kumpiga neno. Alijikuna tu shingoni. Aliyelisema ni mtoto mmoja wa ukutani, mwenye pengo la meno ya mbele.

"Babu, hukusikia wimbo wa gari?"

"Unaimbwaje?"

Mtoto akabana meno yaliyobaki, akapuliza. Wa pili akadakia, na wa tatu, na mara ukuta mzima umebana meno, mashavu yametuna, macho yamewatoka kwa bidii. Dada Dereva akaziba masikio. Fundi Umeme akakunja uso, ule ule mkunjo ambao Sikio aliukumbuka kwenye benchi la hospitali. Sikio akawatazama kutoka mwanzo wa ukuta mpaka mwisho wake. Aliona midomo kumi na minane. Alisikia upepo, na mbwa wa mbali, na lori chini bondeni likibadili gia.

"Rudieni," akasema.

Wakarudia, kwa nguvu zaidi. Akasogea karibu, akainama kama anavyoinamia injini, mpaka mate ya mwenye pengo yakampata usoni. Akatulia hapo kwa muda, ndiyo mara ya kwanza kutulia siku nzima. Kisha akajifuta, akainuka.

"La kulia," akamwambia Fundi Umeme. "Fungua."

"La kulia halilii, fundi. Nimelisikiliza."

"Fungua."

Akamwelewa. Akachukua jeki ya gari lenyewe. Sikio akapiga magoti upande wa pili akaanza kulegeza nati, na kwa mara ya kwanza tangu bisibisi ile ipewe heshima, ilikuwa imetoka kwenye boksi na kulala kwenye vumbi, mtoto mmoja anachimbia shimo.

Simu ikatetemeka mfukoni. Akaitazama, akaisukuma kwa Fundi Umeme. "Mama Pacha. Nisikilizie."

Fundi Umeme akasikiliza, akaisogeza simu mbali na uso, akairudisha. "Anasema umemwacha hospitali kama mwavuli. Na mpimaji kampa karatasi ya kurudi Jumatatu kwa vile vifaa vya masikio. Na anataka kujua majibu, kwa mdomo wako."

"Mwambie alikuwa anasema kweli. Televisheni, na... na yote."

"Hayo siyasemi mimi, baba. Ya ndani kwenu hayo." Akamrudishia.

Sikio akaiweka simu sikio la kulia, akaihamishia la kushoto, akasimama, akatembea hatua tatu huku na tatu kule. "Mama Pacha," akasema kwa sauti iliyofika mpaka njia panda, "kaa hapo hapo kwenye benchi. Nafunga magurudumu haya nakuja kukuchukua."

Upande wa pili ukasema kitu kirefu, kinachopanda mwishoni kama swali. Ile "ndiyo, ndiyo" yake ikamjia mpaka kwenye ulimi, imeshavaa viatu. Akaimeza.

"Rudia," akasema. "Sijasikia."